Kukodi Gari la Kupanda Usambara: Kutoka Uani kwa Mwenye Gari Hadi Mtae

Wengi wetu wa Dar tukikodi gari la kwenda Lushoto tunalichagua kwa macho ya lami. Kiyoyozi kinapuliza, redio inaongea, viti safi, bei imeshuka kidogo, tunalipa. Lakini lami haina shida. Mpaka Mombo hata IST iliyochoka itakufikisha. Gari la mlimani unalikodi kwa ajili ya kilomita za mwisho, zile 60 hivi za kati ya Lushoto na Mtae, ambako mvua ya saa moja inatosha kugeuza udongo mwekundu kuwa sabuni. Hilo nililijua kwa kulipia, na habari yake iko huko mbele.

Safari ninayoizungumzia hapa ni ya siku tano, unaendesha mwenyewe: Dar, Segera, Korogwe, Mombo, Soni, Lushoto, halafu Irente, Magamba na Mtae. Anayekwenda Matema au Kitulo abadilishe majina ya vituo tu. Habari za gari ni zilezile.

Kwanza kalenda, pili hesabu ya kilomita

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Katika miezi hiyo Lushoto yenyewe utafika, kwa sababu lami inakwenda hadi mjini. Mtae ni jambo jingine. Juni hadi Septemba barabara ni kavu, ila Juni na Julai beba sweta. Lushoto iko juu, na Mjerumani hakuijenga Wilhelmstal yake, ndiyo Lushoto hiyohiyo, pale kwa bahati mbaya, alikuwa anakimbia joto la pwani. Januari na Februari nako kunafaa.

Kisha chukua karatasi. Dar hadi Lushoto ni kilomita 350 hivi, kwenda na kurudi 700. Lushoto–Mtae na kurudi, 120. Ukitaka Bumbuli kupitia Soni, weka 60 na kitu. Irente, Magamba na mizunguko ya sokoni, 50. Jumla ni kama 930. Namba hii itakusaidia mara mbili: kwenye mafuta na kwenye mkataba.

Mafuta: gari la ukubwa wa RAV4 kwenye lami, ukiliendesha kwa adabu, chukulia linakwenda kilomita 11 kwa lita. Mlimani usilitarajie zaidi ya 7. Hapo 700 gawanya kwa 11 na 230 gawanya kwa 7, unapata lita 97. Bajeti lita 100. Bei elekezi ya EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, hutoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kila wilaya ina bei yake, kwa hiyo angalia ya Dar na ya Lushoto. Kadiri unavyokwenda mbali na bandari ndivyo inavyopanda.

Gari gani hasa

Kama unaishia Lushoto mjini, Irente na Soni, na si masika, gari dogo linatosha. Usidanganywe kulipia Prado la kwenda kula mapichisi Soni. Lakini ukishasema "Mtae", unahitaji gari lililonyanyuka na linalosukuma kwa magurudumu yote manne.

Hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. RAV4, X-Trail, Escudo, Harrier: kwa sura yote ni magari ya mlimani. Ukweli ni kwamba mengi yaliyoingia nchini kutoka Japani ni ya magurudumu mawili. Mwenye gari atakwambia "hii ni four wheel, kaka" na huenda mwenyewe anaamini hivyo. Usibishane naye. Inama nyuma ya gari, angalia kati ya matairi mawili ya nyuma. Kama kuna bonge la chuma, ndiyo difu ya nyuma, na kutoka hapo kuna bomba nene linalokwenda mbele kwenye gia, ndiyo propela, basi gari ni la magurudumu manne. Ukiona uwazi mtupu na mhimili tu, hilo ni gari la mjini lililovaa buti. Kazi ya nusu dakika, itachafua magoti tu.

Kwenye kundi hilo, chaguo langu ni Escudo ya zamani yenye gia nzito (ile ya mwendo mdogo na nguvu nyingi) ya kuchagua kwa mkono, au Prado kama mko watu watano na mizigo. Noah mwachie mwenye familia kubwa asiyepita Lushoto. Na kuhusu gia: otomatiki inafaa, ilimradi iwe na nafasi za chini, "2" na "L", au "S", au "M" unayoweza kuteremsha mwenyewe. Utazihitaji siku ya kushuka Mombo.

Dereva wa kukodi? Ukiwa hujawahi kuendesha milima wala tope, mchukue. Posho yake, chakula na malazi yake mkubaliane kabla, kwa siku, na iandikwe. Wengi huona aibu kuulizia hilo, kisha siku ya pili wanagundua wanamlipia dereva chumba chenye bei kuliko chao.

Kampuni au mtu wa mtaani

Kampuni ni ghali, lakini gari likikufia Kabuku kuna mtu wa kumpigia na mara nyingi kuna gari mbadala. Mtu binafsi ni nafuu na anaelewana, ila msaada wake mara nyingi ni kukwambia "tafuta fundi hapo karibu".

Kwa mtu binafsi, angalia rangi ya kibao cha namba. Kibao cha njano ni gari binafsi, cheupe ni la biashara. Njano haimaanishi wizi. Nusu ya magari yanayokodishwa mitaani ni ya njano. Maana yake ni kwamba bima iliyokatwa huenda ni ya matumizi binafsi, na kampuni ya bima ikijua kwamba gari lilikuwa limekodishwa kwa fedha inaweza kukataa kulipa. Uliza swali hilo waziwazi: "Bima hii inajua kwamba gari linakodishwa?" Ukijibiwa kwa kicheko, tafuta kwingine.

Halafu aina ya bima. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, haikulipi wewe wala haitengenezi gari ulilokodi. Unataka bima kubwa, na unataka uhakikishe kwamba ipo hai: chukua namba ya gari au ya stika, ingia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, wa kuhakiki bima, tazama tarehe ya mwisho. Usiridhike na karatasi. Ukishaona iko hai, uliza mambo mawili. Hasara ikitokea, kiasi gani cha kwanza nabeba mimi? Na je, matairi, vioo na uvungu wa gari vimo? Mara nyingi havimo, na kwa safari ya Mtae hivyo ndivyo vinavyoumia.

Mwenye gari naye atataka vya kwako: leseni yenye daraja la gari dogo, kitambulisho cha NIDA au pasipoti, na dhamana. Ndugu mnaokuja likizo kutoka nje, njooni na leseni ya kimataifa pamoja na ile ya huko. Usimwachie mtu kitambulisho halisi. Nakala inatosha; anayeng'ang'ania halisi anataka kukushika.

Mkataba, hata wa ukurasa mmoja

Sasa niseme yaliyonikuta. Ilikuwa Novemba, vuli imeanza. Nilikodi IST kwa mtu wa mtaa wa jirani, tukaandikiana WhatsApp mstari mmoja: "Gari lirudi kama lilivyotoka." Nikaona tumemaliza. Tulipopita Lukozi kuelekea Mtae nikasikia "ng'a!" chini ya gari, jiwe. Tukaendelea. Dakika kumi baadaye mke wangu akasema ananusa petroli. Kushuka, tangi linadondosha matone makubwa kwenye vumbi, tone, tone, kama bomba bovu. Kijana mmoja akaja na sabuni ya mche, akaikatakata, akaifinyanga na matone machache ya maji mpaka ikawa kama ugali mgumu, akaibandika kwenye ufa na kidole gumba. Petroli haiyeyushi sabuni. Tuliteremka hadi Lushoto na sabuni ile, fundi akalishusha tangi na kuliziba vizuri. Niliporudi Dar, mwenye gari akataka tangi jipya. Nikamwambia limeshazibwa, halivuji. Akanisomea mstari wangu mwenyewe: kama lilivyotoka. Sikuwa na picha ya uvungu, sikuwa na karatasi ya fundi, na hakuna mahali tulipoandika kwamba gari lingetembea barabara ya vumbi. Dhamana yangu ya shilingi 300,000 ikaishia hapo, na yeye kwa maneno yake hakukosea.

Kwa hiyo andikeni. Ukurasa mmoja, sahihi mbili, namba ya gari. Hakikisha yamo haya:

Mahali gari litakapokwenda, kwa majina, hadi kijiji cha mwisho, na kwamba kuna kilomita za vumbi. Hili ndilo nililolikosa. Kama mwenye gari hataki kuliandika, basi hataki gari lake liende huko, na ni afadhali mjue leo.

Kikomo cha kilomita kwa siku. Hapa toa ile hesabu yako. Tuseme umepewa 120 kwa siku, siku tano, ni 600. Safari yako ni 930. Zinazozidi ni 330, na kama kila moja ni shilingi 500, utadaiwa 165,000 siku ya kurudisha. Omba siku zijumlishwe pamoja, na kikomo kiongezwe, kabla hujalipa. Baada ya hapo hakuna anayekusikiliza.

Mafuta yanarudi kwa kiwango gani. Kilichozoeleka ni "kama ulivyopokea", basi piga picha ya mshale.

Gari likiharibika lenyewe, nani analipa fundi, na mwisho shilingi ngapi unaruhusiwa kutengeneza bila kumpigia simu. Bei ya tairi na ya kioo ikivunjika. Dhamana itarudi ndani ya siku ngapi.

Uliza pia kama gari limefungwa kifaa cha kufuatilia na kama kinaweza kuzima injini kwa mbali. Siyo vibaya kuwepo. Ila kuna wenye magari wanaozima injini pale siku za malipo zinapokwisha, saa sita kamili usiku. Ukijua, utamwambia mapema ukichelewa.

Ukaguzi: lichukue jioni ya kuamkia safari

Usilipokee gari alfajiri ya kuondoka. Watoto wameshavaa, mkate uko kwenye mfuko, utasaini chochote. Lichukue jana yake saa kumi jioni, jua bado lipo, kisha litembeze: nenda nalo sokoni, lilale kwako. Asubuhi angalia sakafu kama kuna tone la oili au la maji chini yake.

Anza na simu. Rekodi video moja bila kukata, zunguka gari polepole, kila mlango, kila mkwaruzo, rimu nne, kioo cha mbele kwa karibu, kisha iingize simu chini ya bampa mbele na nyuma uonyeshe uvungu. Sema tarehe kwa sauti. Maliza kwenye dashibodi ikionyesha kilomita na mafuta. Mtumie mwenye gari video hiyo palepale, uone tiki mbili.

Dashibodi: washa ufunguo bila kupiga injini. Taa zote ziwake, ya injini, ya oili, ya betri, ya mifuko ya hewa. Piga injini, zote zizime. Inayobaki ni tatizo. Lakini mbaya zaidi ni ile ambayo haikuwaka kabisa hapo mwanzo, maana kuna aliyeing'oa balbu isimwonyeshe mteja.

Matairi: kina cha meno utakiona, umri wake huuoni mpaka usome. Ubavuni tafuta tarakimu nne ndani ya kiboksi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini lina miaka minane ni gumu kama kiatu cha shule. Kwenye joto la Korogwe linapasuka, kwenye tope la Magamba linateleza. Matairi ya ekseli moja yafanane.

Tairi la akiba: litoe. Usiambiwe lipo, litoe ulione, ubonyeze. Kisha toa jeki na spana ya magurudumu, ulegeze nati moja ya kila gurudumu na uikaze tena. Kuna nati zilizokazwa na mashine gereji ambazo mtu mzima hazilegezi kwa mguu, na kuna magari yenye nati ya siri ambayo bila funguo yake maalumu hutoi tairi. Bora uaibike uani kuliko Michungwani saa moja usiku.

Fungua boneti injini ikiwa baridi. Maji ya rejeta, oili, maji ya breki. Maji ya rejeta yenye rangi ya kutu mwambie abadilishe. Mlima wa kutoka Mombo hauoni huruma kwa rejeta. Halafu endesha: kwenye barabara tupu kamata breki kwa nguvu, gari lisivute upande. Geuza usukani mpaka mwisho, tembea taratibu. Ukisikia "ka-ka-ka" mbele, kiungo cha ekseli kimechoka. Kama ni gari la kuchagua magurudumu manne kwa mkono, yaingize na uone taa yake ikiwaka, ingiza na gia nzito. Gari lililokaa mjini miaka mitatu linaweza kugoma kuingia, na hapo ndipo pa kujua.

Pembetatu mbili, mtungi wa kuzima moto usiopitwa na tarehe, kisanduku cha huduma ya kwanza: trafiki watauliza. Mwisho, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni ya trafiki, upige picha ya skrini. Madeni ya zamani si yako, na utakaporudi utataka kuonyesha hivyo.

Vya kubeba mwenyewe: kamba ya kuvutia, tochi ya kichwa, pampu ndogo ya upepo ya kuchomeka kwenye gari, waya za kuazimia betri, jembe dogo, lita kumi za maji, na noti ndogondogo. Ongeza mche mmoja wa sabuni.

Barabarani

Ondoka saa kumi na moja alfajiri. Wa Mbezi na Kimara mtapita Kibaha na Chalinze. Wa Tegeta na Bunju piteni Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64 za lami kutoka Bagamoyo, malori machache, mnaungana na barabara kuu mkiwa mmeikwepa Chalinze. Kutoka Msata hadi Segera ni mwendo wa vijiji: Mkata, Kabuku, Michungwani. Kila kijiji kina kibao cha 50, na kila kibao cha 50 kina uwezekano wa kuwa na tochi ya trafiki ya kupima mwendo chini ya mwembe. 50 inaanzia kwenye kibao, haianzii kwenye nyumba ya kwanza, na haiishi mpaka uone kibao cha kuifuta. Madereva wa upande wa pili wakikumulika mchana, wanakusalimia kwa lugha yao. Faini huja kwa namba ya malipo ya serikali, usilipe mkononi.

Mabasi ya Moshi na Arusha yanapita njia hiyohiyo na yana haraka kuliko wewe. Yaachie. Ukivuka Korogwe unaanza kuona mkonge pande zote na ukuta wa milima kulia kwako. Mombo simama ule, upumzishe injini, ujaze mafuta.

Kupanda na kushuka Mombo

Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami nyembamba, kona juu ya kona, korongo upande mmoja. Zima kiyoyozi, fungua vioo, toa gari kwenye D uweke gia ya chini lisihangaike kubadili kila kona. Tupa jicho kwenye mshale wa joto kila baada ya muda. Mshale ukianza kupanda, simama penye nafasi, acha injini iungurume palepale. Mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka upoe kabisa. Nimeona mkono ulioungua kwa kiherehere hicho.

Kona usiyoiona mbele, piga honi kabla hujaingia. Yanayoshuka ni malori ya kabichi, viazi na mbao, na yanachukua barabara nzima kwenye kona. Pakiwa pembamba, anayepanda apewe njia, kwa sababu akisimama ni vigumu kuondoka tena. Hiyo ni desturi. Lori lililojaa likija juu yako, desturi iweke pembeni, jibane.

Siku ya kushuka ndiyo ya hatari. Mgeni wa milima hukaa kwenye D na mguu kwenye breki kutoka Soni hadi Mombo. Katikati ya njia anaanza kusikia harufu kali, kama nguo ya nailoni iliyoachwa chini ya pasi. Hizo ni breki zake. Baada ya harufu, pedali inakuwa laini, inazama, gari halishiki. Dawa yake ni gia: teremka kwa gia uliyopandia, "2" au hata "L", injini ipige kelele, ndiyo inayokushika. Breki iguse kwa vipindi, kamata na achia. Ukisikia ile harufu, simama dakika 20. Usizimwagie maji, chuma cha moto kikipata maji baridi kinapinda au kinapasuka.

Lushoto hadi Mtae

Jaza mafuta Lushoto. Mbele ya hapo petroli ni ya chupa, na hujui imekaa na nini.

Ondoka asubuhi ili urudi mchana, au lala huko. Mvua za Usambara hupenda alasiri, na usiku kwenye barabara ile siushauri hata kwa mwenyeji: ukungu unashuka, taa kamili zinakurudishia ukuta mweupe usoni, na pikipiki nyingine hazina taa kabisa. Kabla ya kuondoka waulize waendesha bodaboda pale stendi. "Shikamoo mzee, njia ya Mtae leo inapitika?" itakupa habari za saa ile, ramani ya simu haina.

Kwenye vumbi kavu, mwendo wa 30 hadi 40. Mawe ndiyo adui: yapande kwa tairi, usiyapitishe katikati ya gari. Hivyo ndivyo nilivyotoboa tangi. Ukitokea mfereji uliochimbwa na maji, upite kwa mshazari, gurudumu moja moja.

Ukikuta tope, simama kabla hujaingia. Shuka, litembee kwa miguu, liingize kijiti uone kina. Ingiza magurudumu manne ukiwa bado pakavu. Kisha gia ya pili, mwendo wa kawaida usiobadilika, mguu hauongezi wala haupunguzi, usukani mwepesi. Ukikanyaga breki kwenye mteremko wa tope gari linakuwa ngalawa. Nyuma ikianza kukimbilia korongoni, achia mafuta, geuza usukani kule nyuma inakokwenda, usikamate breki.

Umenasa? Acha kuzungusha magurudumu, unachimba kaburi. Fukua mbele ya matairi, weka majani na mawe, punguza upepo kidogo, ndiyo maana ulibeba pampu. Vijana watatokea, hukosi. Bei ya kusukuma mkubaliane kabla hawajashika gari, na pesa apewe mmoja mbele ya wote.

Ukifika Mtae, kijiji kimekaa kwenye ukingo wa mlima, kama mtu aliyekaa kwenye ukuta akining'iniza miguu. Chini yako ni nyika ya Mkomazi. Kaa hapo mpaka jua lizame, na ndiyo maana nasema ulale.

Likiharibika, na likigongwa

Pancha na vitu vidogo: tengeneza, dai risiti, piga picha kifaa kilichotolewa na kilichowekwa. Fundi asiye na risiti aandike kwenye karatasi na namba yake ya simu. Kitu kikubwa, mpigie mwenye gari kwanza, kisha mwandikie ujumbe wa mlichoongea. Ajali, hata ndogo, iite polisi (112) na uondoke na taarifa yao. Bila hiyo, bima haitakusikiliza. Aliyeumia apewe PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ingawa akiwa na hali mbaya hospitali kwanza.

Kurudisha

Osha gari kabla ya kulirudisha, na uvungu pia, ili mwenyewe aone hakuna kilichofichwa na tope. Rudi mchana. Mrudishie mkiwa pamoja, video ya kuondoka mkononi, zungukeni gari mara moja mkilinganisha. Hapo ndipo pa kubishana, siyo kwenye simu siku tatu baadaye. Mkimaliza, andikeni chini ya mkataba uleule: "Gari limepokelewa salama," kilomita, mafuta, tarehe, saa, sahihi. Saa ni muhimu, maana faini ya baada ya hapo si yako.

Ingia tena kwenye mfumo wa madeni ya trafiki ukiwa na mwenye gari, kisha ukubali kwamba atabaki na sehemu ndogo ya dhamana kwa wiki moja, kwa sababu faini nyingine huchelewa kuonekana. Safari yangu ya mwisho, Escudo, siku tano, nilirudishiwa dhamana yote isipokuwa shilingi 30,000. Picha ilikuwa ya Mkata, saa mbili asubuhi, kilomita 61 kwenye 50. Nikaitazama vizuri. Mikono yangu yote miwili iko kwenye usukani, na ninaonekana nacheka.